Noreen Hatagi

Kuku yule alipewa jina langu kabla mwenye kuku hajanijua, kwa hiyo sikuwa na haki ya kununa. Ndio mtindo wa vijana wa hapa Gippsland, Australia: wanafuga kuku nyuma ya nyumba, na kuwaita majina ya vikongwe. Jirani yetu Tegan alikuwa nao watatu, Beryl, Gladys na Noreen. Nilipohamia kwa mdogo wangu Lyle baada ya kumzika mume wangu, Tegan alikuja na keki kunikaribisha, akaniuliza jina langu, nikamwambia. Akawa mwekundu mpaka masikioni. Lyle alicheka hadi akashika meza asianguke.

Tangu hapo nimekuwa nikisikia habari zangu juu ya uzio. Noreen kafukua vitunguu. Noreen kampora Gladys pa kulala. Noreen kanenepa, apunguziwe mkate. Mimi huku naanika nguo, na mara mbili tatu nimewahi kuitika. Lyle hakuuchoka utani huo. Nikichelewa kuamka aliniuliza mlangoni kama nimeanza kuatamia.

Mwezi wa Aprili, baridi ilipoanza kuingia, likaja neno jipya juu ya uzio. "Noreen hatagi," alisema Tegan. Hakuwa ametaga tangu Krismasi. Beryl na Gladys walikuwa wakijitahidi, lakini yeye anakula, anatembea, anarudi, na kiota chake kikavu. Nikamjibu kwamba Noreen wa upande huu pia hatagi na bado anapewa chai. Tegan alicheka. Lyle alikuwa amesimama kando na kikombe chake, akakiinamia kikombe. Nilidhani anazuia kicheko.

Lazima nimweleze Lyle kidogo. Ndugu yangu huyu amefuga kuku tangu kaptura zake zilipokuwa zikimwanguka, na hakuacha hata miaka aliyoendesha lori la maziwa. Aliacha majira ya baridi ya mwaka juzi, usiku mmoja aliposahau kufunga mlango wa banda. Mbweha hahitaji kualikwa mara mbili. Asubuhi alikuta manyoya. Akalivunja banda, akachoma mbao zake, akasema yeye na kuku basi.

Lakini mtaa haukumwacha. Mtu akiwa na kuku wa kuchinja na moyo hauna nguvu, anakwenda kwa Lyle. Kwenye nguzo ya stoo yake kuna koni ya barabarani, zile za rangi ya machungwa wanazopanga mafundi wa lami, imekatwa ncha na kugongomewa kichwa chini. Kuku anaingizwa humo, shingo inatokea chini, mabawa yanakuwa yamebanwa taratibu na kuku anatulia. Kisu cha Lyle kinanyoa malaika za mkono. Karibu na nguzo ile hataki makelele wala vicheko, na kuku aliyekwisha kuchinjwa hataki aonekane na anayesubiri. "Kuku asijue," husema. Hiyo ndiyo dini yake yote, nadhani, maana kanisani simwoni.

Na ana kanuni moja asiyoivunjia mtu: aliyekula mayai ndiye amshike. Yeye atakata, lakini mwenye kuku ndiye atakayemtoa kwenye boksi, amtulize, amtie kwenye koni kwa mikono yake. Anasema umekula jasho la kiumbe mwaka mzima, huwezi siku ya mwisho ukajificha jikoni ukasubiri kitoweo. Nimeona wanaume wazima wakitoa machozi pale nguzoni, na Lyle akiwangoja bila neno mpaka wamalize. Kwa hilo nilikuwa najivunia mdogo wangu.

Sasa nije kwenye nyasi. Katika mtaa wetu mwanamume asiyekata nyasi zake anajadiliwa kama mlevi. Lyle alikuwa akikata kila Jumamosi kabla ya mechi, mistari imenyooka kama suruali ya harusi. Baada ya Krismasi akaacha. Nilipouliza, kisu cha mashine kilikuwa butu. Nilipouliza tena, plagi imekufa. Mara ya tatu ilikuwa goti lake. Kufikia Aprili nyasi zilikuwa zimefika magotini, na tarishi akamuuliza kama anafuga ng'ombe. Mimi nilipiga kelele mpaka nikachoka. Nikadhani ni uzee, nikamhurumia kimoyomoyo huku mdomoni namtukana.

Miezi hiyohiyo mayai yakaanza kuingia jikoni kwetu. Mayai mazuri, ya kahawia iliyokolea, yenye madoa kama yamerukiwa na chai. Lyle alisema kuna mzee klabuni kwao ana kuku wengi kuliko meno. Nami, mjinga wa watu, nikampa Lyle chupa ya jamu yangu ya machungwa ampelekee yule mzee kwa shukrani. Aliipokea. Aliniletea hata salamu.

Ikafika siku Tegan alipogonga mlango wa nyuma, bado ana unga kwenye nyusi kutoka kazini kwake bekari. Anaondoka nyumbani alfajiri watu wakiwa wamelala na kurudi mchana, na alikuwa na uso wa mtu aliyeamua jambo akaliogopa. Kuna mitetea wawili wachanga anaoletewa, banda ni dogo, na Noreen hatagi. Aliniomba radhi mimi kwanza, halafu akamwomba Lyle amfundishe kumchinja vizuri.

Lyle alimwambia asubiri, labda kuku anabadilisha manyoya. Tegan akasema manyoya alishapukutisha yote na mapya yameota, anang'aa kama kiatu. Lyle akasema asubiri basi mpaka jua lirudi. Tegan akauliza mwezi gani. Lyle akakuna shingo, akasema kama ni hivyo ampe yeye, amlishe majani, nyasi si zipo.

Tegan akacheka. "Lyle, si wewe uliyenifundisha? Ukimpa jirani kuku mzee, umempa kisu tu. Mwenyewe atamaliza kazi. Nimekula mayai yake, nitamshika."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nimekaa nikalipima lile neno ambalo hakulisema, na ni maneno mawili tu, hayamshindi mtoto. Lakini mimi siku ile sikujua kama kuna neno. Nilimwona mdogo wangu akitazama mikono yake, kisha akasema Jumapili asubuhi, asimpe chakula kuanzia jioni ya Jumamosi, maji ampe.

Jumapili ilikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Lyle alikuwa amebandika sufuria kubwa kwenye jiko la gesi nje, maji ya kunyonyolea, naye akiyachungulia yasichemke, kwa sababu yakichemka ngozi inachanika. Nilitoka na koti juu ya nguo za kulalia, kumpa Tegan moyo. Alipita upenyo wa uzio akiwa amekumbatia boksi la mikate, na ndani ya boksi mnasikika kucha.

Lyle hakunisalimia asubuhi ile. Kisu alikuwa amekinoa tangu sijaamka, na bado alikuwa akikinoa.

Tegan alipiga magoti, akafungua boksi, akaingiza mikono kama alivyofundishwa, mabawa kwanza. Kuku akafurukuta. Bawa moja likamponyoka na kumpiga usoni, Tegan akaachia, na Noreen akawa chini, anajikung'uta. Nilitaka kukimbia kumzuia. Lakini hakukimbia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akashika njia.

Nasema njia kwa sababu ilikuwepo. Katikati ya zile nyasi ndefu kulikuwa na kijia chembamba kilicholazwa na kukanyagwa, kutoka kwenye uzio hadi mlango wa stoo, na mimi miezi yote nilikuwa sijakiona. Kuku alikifuata kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Akaingia stoo. Mle ndani mashine ya kukatia nyasi imesimama na kikapu chake cha nyuma, kile kinachokusanya nyasi zilizokatwa. Akaruka, akaingia kikapuni, akajizungusha mara moja, akakaa.

Kikapu kilikuwa kimetandikwa majani makavu. Mtu alikuwa ameyatandika kwa mkono, akaacha shimo la duara katikati. Kando yake kulikuwa na stuli, na juu ya rafu, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa kwenye stuli, ilikuwepo chupa yangu ya jamu, imeliwa nusu, na kijiko ndani.

Nilijua yote pale pale. Nyasi, plagi, goti, mzee wa klabuni, mayai yenye madoa. Nikamtazama Lyle na Lyle akanitazama.

"Maskini," Tegan alisema nyuma yetu. "Anatafuta pa kujificha."

Muda ulikuwepo. Sitaki mtu aniambie haukuwepo. Maji hayakuwa yamefikia joto lake, kisu kilikuwa juu ya meza, kuku amekaa kikapuni amefumba jicho moja. Ningeweza kusema mimi kama yeye ameshindwa. Nilifikiria uso wa Tegan akisikia kwamba mzee anayemfundisha uungwana amekula mayai yake tangu Krismasi, na mimi nimeyakaanga kwa siagi. Nikamwonea haya mdogo wangu, nikajionea haya mimi, na kwa ajili ya haya hiyo nikafunga mdomo. Mficha uchi hazai, mama yetu alikuwa akisema. Sisi tulikuwa wawili tumeuficha uchi mmoja.

Tegan alijaribu kumtoa. Kuku akavimba na kumdonoa. Akajaribu tena, na Lyle, ambaye hajawahi kumshikia mtu kuku wake, akasema kwa sauti ndogo, "Acha. Nitamshika."

Aliingiza viganja viwili chini ya kifua, akamwinua. Noreen hakufurukuta. Alitoa ile sauti ya kuku wa jua la mchana, ya kunong'onanong'ona, akapenyeza kichwa kwenye kwapa la koti la Lyle na kubaki humo. Walikuwa wanajuana.

"Mungu wangu, Lyle," alisema Tegan. "Una mikono ya ajabu. Angalia alivyotulia."

Lyle alitembea naye mpaka nguzoni. Akamtia kwenye koni, kiganja kimemfunika macho, kidole kinamkuna nyuma ya kishungi. Akakata. Ilikuwa safi, mara moja, kama inavyotakiwa. Alibaki amemshika kichwa mpaka mwisho kabisa, muda mrefu baada ya hapo, na kuku hakujua kitu. Hilo angalau ni kweli, ingawa sijaona limsaidie mtu.

Tegan alilia kidogo, akajifuta, akafanya kazi yake kama mwanamke. Alimchovya, akamnyonyoa, akamlaza mezani. Lyle akamwonyesha mahali pa kupasua kisha akarudi nyuma, akafungua bomba la maji, akaanza kukiosha kisu ambacho alikuwa ameshakiosha. Mimi nilisimama. Tegan akaingiza mkono, akatoa matumbo, akatoa firigisi na maini kama alivyoelekezwa, halafu mkono ukasita.

Akatoa yai. Zima, lina ganda lake gumu, la kahawia iliyokolea, lenye madoa kama limerukiwa na chai. Lilikuwa bado lina joto, lilikuwa linatoa moshi kwenye baridi ile. Nyuma yake vikafuata viini, vimeshikana kwenye kamba yao, kikubwa, na kidogo chake, na kidogo chake, mpaka vile vya ukubwa wa punje ya mtama. Yai la leo, la kesho, la keshokutwa.

"Alikuwa anataga," Tegan alisema. Hakupaza sauti. "Lyle, alikuwa anataga."

Lyle alikuwa ametupa mgongo. Maji yalikuwa yanamwagikia viatuni mwake.

"Labda alikuwa anayaficha mahali. Mimi nilitafuta kwenye kiota tu, sikutafuta kwingine. Nimemwita mvivu kila siku." Alilishika lile yai kwa mikono miwili yenye damu. "Kila siku nilipomwaga chakula nilimwita mvivu."

Akaniuliza kama ninacho chombo cha kuliwekea, lisivunjike. Nikaingia jikoni na yeye akanifuata kunawa. Kwenye meza, katikati kabisa, lilikuwepo bakuli letu la mayai. Nilivuta taulo la vyombo nikalitupia juu, kama mtu anayefunika mkate usiingie nzi. Tegan alinawa, akanishukuru, akasema mimi ni mwema kwake. Nikampa kikombe akaliweka yai lake.

Alipoondoka nilimfuata Lyle stoo. Alikuwa amekaa kwenye ile stuli. Nilimwambia atamwambia Tegan, na atamwambia leo. Akaniuliza atamwambia nini. Nikasema aanze vyovyote tu, mengine yatafuata yenyewe.

"Sikumwiba, Nor," alisema. "Alikuja mwenyewe. Siku moja nimefungua mlango, yumo ndani ya kikapu, ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Kesho yake akaja tena. Nikawa nakunywa chai yangu humu, yeye anataga, mimi nakula mkate na jamu. Basi. Mayai yenyewe sikuyajali. Ningemwambia Tegan angemkata bawa asiruke uzio."

"Afadhali bawa kuliko shingo," nilimwambia.

Akageuka kutazama kikapu. Nami nilipomaliza kusema nilijiona nimesema kama mtu msafi, na sikuwa msafi. Yeye alikuwa na miezi minne ya kuogopa, mimi nilikuwa na dakika zile za pale stoo, na wote tulizitumia vilevile.

Hakumwambia leo. Hakumwambia kesho. Alikaa ndani, akawa anakula mkate mtupu. Bakuli la mayai nililihamishia juu ya kabati, mayai hakuna aliyeyagusa, na taulo likabaki juu yake. Usingizi wangu uliondoka. Mtu akitaja jina langu dukani nilikuwa nashtuka.

Siku ya tatu Tegan akaja na supu. Alikuwa amempika Noreen kwa karoti na shayiri, kwa moto mdogo, kwa sababu Lyle alishawahi kumwambia kuku aliyekufa vizuri apikwe vizuri. Akapakua bakuli tatu, akakaa nasi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alisema amempigia simu mwenye mitetea, amemwambia asilete. Beryl na Gladys anawapeleka kwa binamu yake. Hafai kufuga, alisema. Mtu asiyejua hata kuku wake anataga au hatagi, asishike roho ya kiumbe.

Lyle aliweka kijiko chini.

"Alikuwa anatagia kwangu," alisema. "Stooni. Kwenye kikapu cha mashine ya nyasi. Tangu Krismasi. Mayai nimeyala mimi."

 Tegan alimtazama, na niliona akirudi nyuma pole pole katika kichwa chake, siku kwa siku, mpaka akafika Jumapili.

"Kwa hiyo alipoingia kwenye kile kikapu," alisema, "hakuwa anajificha."

"Hakuwa anajificha."

"Alikuwa anakuja kutaga."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamtoa."

"Nikamtoa," alisema Lyle.

Tegan aligeuka taratibu. Nilidhani ananitazama mimi, lakini alikuwa anatazama juu ya kabati nyuma yangu, palipokuwa na bakuli na taulo lake. Alinyoosha mkono akalifunua. Akayaangalia yale mayai yenye madoa, akalifunika tena vizuri, pembe kwa pembe, kama nilivyokuwa nimelifunika mimi. Afadhali angenipiga.

Akatoka. Supu yake ilibaki inapoa. Kabla sijapata la kumwambia Lyle, mlango wa nyuma ukafunguliwa tena. Tegan alikuwa ameshika kile kikombe changu. Alichukua mkono wa Lyle, akaugeuza kiganja juu, akaweka yai ndani yake.

"Hili pia lako," alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na ndiyo iliyotumaliza. "Nilikuwa naumia kwamba sikumshika mimi. Nilidhani nimeivunja kanuni yako. Kumbe haikuvunjwa, Lyle. Aliyekula mayai ndiye aliyemshika."

Akaweka kikombe changu mezani na kwenda zake. Dirishani nilimwona akivuka uwanja kuelekea kwao, katikati ya nyasi, anafuata kile kijia.